Taa Moja Haitoshi: Pikipiki Yako Ionekane



Wengi wenu mnakumbuka Ifakara ilivyokuwa kabla ya daraja. Gari, pikipiki, baiskeli, na mama mwenye kuku wake, wote walikuwa wanangoja kivuko pale mto Kilombero. Mei 2018 Daraja la Magufuli likazinduliwa. Lina urefu wa mita 384. Sasa mtu anatoka Ifakara kwenda Lupiro au Mahenge bila kungoja kivuko. Na barabara ya kutoka Kidatu kuja Ifakara, ile iliyotuumiza viuno miaka mingi, sasa ina lami.

Lami ni neema. Lakini lami imekuja na mwendo. Lori lililokuwa likikwepa mashimo kwa kilomita 30 kwa saa sasa linakwenda 60. Bodaboda naye anakwenda 60. Miwa iko pale pale kando ya barabara, vumbi la njia za mashambani liko pale pale, na macho yetu ni yale yale. Kilichopungua ni muda wa kuonana.

Somo la leo linahusu muda huo. Tutaeleza kwa nini taa moja ya pikipiki humdanganya dereva anayekuja mbele, na jinsi taa mbili ndogo za nyongeza zinavyosaidia. Tutafanya hesabu kidogo. Msiogope, ni kugawanya na kujumlisha tu, kama mlivyojifunza darasani.

JICHO LINAVYODANGANYWA

Tazama lori linalokuja usiku. Likiwa mbali sana, taa zake mbili zinaonekana kama zimeshikana. Likikaribia, taa zinaachana. Kadiri linavyokaribia ndivyo zinavyoachana zaidi. Hivyo ndivyo macho yako yanavyojua kwamba lori linakuja, na kwamba linakuja kasi. Hakuna aliyekufundisha. Macho yanapima nafasi kati ya taa na taa, na akili inafanya hesabu yake bila kukuuliza.

Sasa tazama pikipiki. Ina taa moja. Hakuna nafasi ya kupima. Macho yanaona nukta ya mwanga, basi. Nukta hiyo ikiwa mita 300 au mita 150, tofauti yake ni ndogo sana. Inaweza kuwa pikipiki inayokimbia. Inaweza kuwa mtu ana tochi. Inaweza hata kuwa gari chongo, yaani gari lililoungua taa moja, na hilo ni baya zaidi kwa sababu gari zima liko gizani na wewe unaona kona yake tu.

Kuna jambo la pili. Kitu chembamba huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Basi na pikipiki zikiwa umbali mmoja, mtu wa kawaida ataona basi liko karibu na pikipiki iko mbali. Kwa hiyo dereva anayetaka kuingia barabarani pale Kibaoni atalisubiri basi lipite, lakini pikipiki ataikatia mbele. Baada ya ajali anasema, "Sikuiona." Au anasema, "Niliiona, lakini ilikuwa mbali." Watu humwita mwongo. Mara nyingi si mwongo. Macho yake yalimwambia hivyo kweli.

Hilo halimwondolei kosa lake. Lakini wewe uliyeko juu ya pikipiki, kosa lake litakuvunja mguu wako, si wake.

HESABU YA LORI NA TREKTA

Kwanza tujue kubadili mwendo. Kilomita 60 kwa saa ni mita ngapi kwa sekunde? Kilomita 60 ni mita 60,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 60,000 kwa 3,600. Jibu ni karibu 16.7. Yaani ukitamka "Kilombero" taratibu, pikipiki imeshakwenda mita 16 au 17, urefu wa nyumba na ua wake.

Sasa tuje barabarani, tuseme kati ya Mang'ula na Kiberege, jua limezama. Trekta linavuta matela mawili ya miwa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Nyuma yake kuna lori lenye mwendo wa kilomita 50. Dereva wa lori anataka kulipita trekta. Kila sekunde lori linalipunguzia trekta mita 8 na kidogo. Ili liingie upande wa pili, lipite trekta na matela yote, na kurudi upande wake, linahitaji kulizidi trekta kwa mita 50 hivi. Mita 50 ukigawanya kwa 8 na kidogo unapata sekunde 6.

Katika sekunde hizo 6 lori limekwenda mita 83. Pikipiki inayokuja mbele kwa kilomita 60 imekwenda mita 100. Jumlisha: 183. Kwa hiyo dereva wa lori anahitaji mita 183, bila akiba hata ya hatua moja. Pikipiki ikiwa umbali wa mita 150, asitoke. Lakini yeye haoni namba ya mita. Anaona nukta moja ya mwanga ndani ya vumbi, anasema moyoni, "Bado iko mbali huyo," anatoka.

Someni hesabu hii mara mbili. Tumeiweka hapa kwa sababu hakuna mlevi ndani yake, wala mwendo wa kichaa, wala breki mbovu. Kuna taa moja tu.

MACHO MATATU

Dawa yake imejulikana siku nyingi, na wa kwanza kuitumia sana ni watu wa reli. Kichwa cha treni nacho kilikuwa na taa moja kubwa juu, na watu waliokuwa wakivuka reli walikuwa wakikosea kukadiria. Huko Marekani serikali ikaagiza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1997 vichwa vya treni vinavyopita kwa kasi kwenye makutano ya reli na barabara viongezwe taa mbili chini, moja kila upande. Ile ya juu na zile mbili za chini zinafanya umbo la pembetatu. Treni ikikaribia, pembetatu inakua. Macho yanapata kitu cha kupima.

Kwa pikipiki ni vilevile. Mwaka 2012 watafiti wa Royal Holloway, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London, walichapisha jaribio lao. Waliwaonyesha watu magari na pikipiki zinazokuja katika mwanga wa viwango mbalimbali, wakawataka wakadirie mwendo. Mwanga ulipopungua, watu walizidi kukosea mwendo wa pikipiki yenye taa moja. Pikipiki ilipowekewa taa tatu za pembetatu, walikadiria vizuri zaidi, hasa gizani.

Msituamini kwa maandishi tu. Darasa lenu linaweza kujaribu usiku mmoja kwenye uwanja wa shule. Mtu mmoja asimame mbali, hatua 100, akiwa na tochi moja usawa wa kifua. Aanze kutembea kuja kwenu wakati wowote anaotaka, bila kusema. Kila mmoja ainue mkono akiwa na hakika kwamba anakuja. Hesabuni amekwenda hatua ngapi. Kisha fungeni vijiti viwili kwa umbo la msalaba, wekeni tochi moja juu na mbili pembeni chini, rudieni. Andikeni hatua za mara ya kwanza na za mara ya pili.

MCHANA JE?

Mchana nako kuna hatari. Pikipiki ni nyembamba, na nyuma yake kuna miwa, miembe, kuta za nyumba, vivuli. Taa inayowaka huitenga na vitu hivyo.

Hapa kwetu ukiwasha taa mchana kila mtu anakufumbia na kukufumbulia vidole: taa, taa! Wanakuhurumia, wanadhani umesahau. Waitikie kwa mkono, uendelee nayo. Malaysia ilianza mwaka 1992 kuwataka waendesha pikipiki wote wawashe taa mchana. Wataalamu walipopima, ajali za aina ile ya kutoonekana zilikuwa zimepungua kwa asilimia 29 hivi. Huko India, tangu Aprili 2017, pikipiki mpya zinazouzwa nchini humo lazima taa ya mbele iwake yenyewe injini inapowaka. Kama yako ina swichi, wewe ndiye wa kuikumbuka.

Vijana wengi wanazima taa wakisema wanatunza balbu na petroli. Petroli unayookoa kwa kuzima taa haionekani mfukoni. Injini ikizunguka inazalisha umeme, uutumie usiutumie. Balbu kweli inachakaa. Basi nunua balbu. Mguu wa bandia ni ghali kuliko balbu, na wala haukai vizuri kama ule uliozaliwa nao.

KUFUNGA TAA MBILI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi wa umeme wa pikipiki ndiye wa kufunga, lakini mwenye pikipiki anayejua anachotaka hapunjwi.

Kwanza ujue umeme ulio nao. Pikipiki nyingi za bodaboda zina umeme wa volti 12, na taa kubwa ya wati 35. Wati ni nguvu inayoliwa na taa. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampia, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. 35 gawanya kwa 12 ni karibu ampia 3.

Dukani utakuta taa za namna mbili. Kuna zile za balbu ya kioo, kama za gari, nyingine zina wati 55 kila moja. Mbili ni wati 110. Gawanya kwa 12: zaidi ya ampia 9. Pikipiki ndogo haina umeme huo. Ukizifunga, betri itakufa baada ya siku chache na swichi inaweza kuungua. Kuna nyingine za LED. Hizi zinakula kidogo na zinatoa mwanga mwingi. Mbili za wati 10 kila moja ni wati 20, ambazo ni chini ya ampia 2. Hizo ndizo tunazozisema. Soma karatasi ya boksi kabla ya kulipa. Umejifunza kusoma ili usiuziwe boksi. Wauzaji wengine huandika wati nyingi kuliko zilizomo, maana wanajua wateja wanapenda namba kubwa. Sisi tunataka namba ndogo.

Mahali pa kufunga ni chini ya taa kubwa, moja kushoto na moja kulia, usawa mmoja. Vile vyuma vya mbele vinavyokinga miguu vinafaa sana. Ziachane kadiri inavyowezekana, lakini zisitokeze nje ya usukani. Zikikaribiana sana, kwa mbali zitageuka taa moja tena na kazi yote imepotea. Tumeona pikipiki zina taa ndogo nne zimepangwa juu ya usukani zimegusana kama mahindi kwenye gunzi. Zinapendeza. Hazipimiki.

Waya wa kuleta umeme utoke mahali ambapo ukizima funguo umeme unakatika. Usifungwe moja kwa moja kwenye betri, la sivyo siku moja utasahau kuzima, ulale, asubuhi usukume. Karibu na mahali unapoanzia waya pawe na fyuzi ya ampia 3. Fyuzi ni kiwaya chembamba kinachokatika chenyewe umeme ukizidi au waya zikigusana. Bila fyuzi, kitakachoungua ni waya wote, na waya unapita chini ya tangi la petroli. Fundi akikwambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Tumia waya wa gari au pikipiki, usitumie ule mwembamba wa spika za redio. Maungio yafungwe vizuri kwa utepe na yasielekee chini kwenye matope. Sisi wa Kilombero tunajua maji ya Machi na Aprili. Waya uende ukiwa umebanwa, usiguse injini wala bomba la moshi, na uachwe kidogo ulegee kwenye shingo ya usukani. Kisha kata usukani kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Kama waya unavutika, rudia.

USIMPOFUSHE MWENZIO

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Taa hizi kazi yake ni wewe kuonekana. Ukizielekeza kwenye uso wa dereva anayekuja, hakuoni wewe, haoni njia, haoni mtoto anayerudi na ndoo ya maji. Umemfanya kipofu halafu unakwenda kupishana naye.

Kuzipima ni rahisi. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, mtu akiwa amekaa juu yake. Pima kwa rula kimo cha taa ndogo kutoka chini, na uweke alama ya kimo hicho ukutani kwa chaki. Washa. Katikati ya mwanga pawe chini ya alama kwa upana wa kiganja. Ukiwa juu, inamisha taa, kaza skrubu. Abiria wawili na gunia la mpunga nyuma huinua mbele ya pikipiki na taa hutazama mbinguni, kwa hiyo mzigo mzito nao ni adui wa taa. Sheria haikuruhusu abiria wawili hata hivyo.

Rangi za mbele ni nyeupe au manjano. Nyekundu ni ya nyuma. Ukiiweka mbele, mtu ataona unakwenda kumbe unakuja. Bluu ya kumulikamulika ni ya polisi. Na kabla ya kufunga, zungumza na askari wa usalama barabarani wa eneo lako, umwonyeshe unachotaka kufunga. Ni afadhali umuulize kuliko akusimamishe.

NANI ALIPE?

Kuna jambo gumu kuliko waya. Vijana wengi si wenye pikipiki. Wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Kijana akisema, "Bosi, naomba tufunge taa mbili," anaweza kujibiwa, "Mbona iliyopo inawaka?" Na kijana naye hataki kutoa fedha yake kutengeneza chombo cha mtu.

Tunaona hivi. Pikipiki ikigongwa, bosi anapoteza pikipiki, kijana anapoteza mwili. Wote wana sababu ya kulipa. Vikundi vya bodaboda vilivyo na mfuko wa kufa na kuzikana vinaweza kununua taa kwa pamoja na kumlipa fundi mmoja kwa kazi ya pikipiki kumi au ishirini. Akina mama nao wana sauti kuliko wanavyodhani. Mama mjamzito anayetoka Idete au Signali usiku kwenda Hospitali ya Mtakatifu Francis mara nyingi anapelekwa na bodaboda, na anayemchagua bodaboda ni familia yake.

"Shikamoo mama. Twende?"

"Marahaba mwanangu. Washa taa kwanza niione."

"Inawaka mama, barabarani nitawasha."

"Hapana baba, washa hapa."

Maneno hayo hayana gharama.

Kwa ambaye hana fedha ya taa mbili mwezi huu, kuna vya kuanzia. Futa kioo cha taa kubwa. Vumbi la barabara zetu hula mwanga. Vaa kizibao chenye mistari ya kung'aa. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Waliowasha taa mchana, pungufu kwa asilimia 27. Helmeti nyeusi na nyeupe hazipishani sana bei.

Jambo moja taa hizi haziwezi. Haziongezi breki. Kuna vijana wakishafunga taa nzuri wanaongeza mwendo kwa sababu sasa wanaona mbali. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakwenda mita 22, na ng'ombe anayevuka barabara hajasoma somo hili.

MASWALI

1. Pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa. Inakwenda mita ngapi kwa sekunde?

2. Fundi anataka kukufungia taa mbili za wati 18 kila moja kwenye umeme wa volti 12. Zitakula ampia ngapi? Fyuzi ya ampia 3 itazitosha vizuri?

3. Kwa nini taa mbili zilizogusana juu ya usukani hazisaidii kama mbili zilizoachana chini?

4. Rudieni hesabu ya lori na trekta, lakini safari hii pikipiki iwe na mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Dereva wa lori atahitaji mita ngapi?

5. Jadilianeni: katika kijiji chenu, ni njia panda gani ambayo miwa, majani au nyumba huificha pikipiki inayokuja? Nani mwenye shamba hilo, na ni nani ataongea naye kabla ya msimu ujao?